Bibury, Cheddar na Castleton kwa siku moja, tutaweza?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nipo Manchester kwa dada yangu, hatuna gari. Jumamosi nataka tuanze Bibury tuone zile nyumba za mawe, mchana mapango ya Cheddar, jioni Castleton ndo turudi. Mama nae yupo, ana sitini na kitu. Ratiba inabana?
Msomaji, Manchester

JIBU: Ndugu yangu inabana sana, na mama utamchosha bure. Bibury iko Gloucestershire, Cheddar iko Somerset kusini kabisa, yani siku nzima mtaimalizia kwenye treni na mabasi halafu mkifika mnapiga picha mbili mnakimbia. Mi nakushauri zote mbili uziache kwa safari nyingine, nendeni Castleton peke yake. Iko Derbyshire ndani ya hifadhi ya Peak District, karibu na nyie, na kijiji na mapango viko pamoja.

Pandeni treni inayoenda Sheffield ila hakikisheni inasimama Hope, maana zile za haraka zinapitiliza. Toka Hope ni kama kilomita 3, mkipata basi pandeni, msimtembeze mama.

Yapo mapango manne ya kutembelea, ila kwa mama chagueni moja tu, Peak Cavern. Speedwell mnaingia kwa boti na inapendeza kweli, ila kuna ngazi zaidi ya mia kushuka na kupanda, magoti yake yatalalamika. Peak Cavern mlango wake ni mkubwa mno, zamani wasuka kamba walikua wanafanya kazi pale pale mlangoni na familia zao zikiishi humo humo na nyumba kabisa, ukiangalia juu utaona dari limeingia weusi, ule ni moshi wa majiko yao. Mi nilisimama pale muda mrefu nikawa nawaza watoto waliokulia mule, wakiamka kitu cha kwanza kuona ni lile jiwe juu yao.

Sweta mbebee hata kama nje jua kali, ndani baridi haijui kiangazi, na viatu viwe vya kushika chini maana kunateleza. Tiketi angalieni mapema.

Kuhusu njia msihangaike na ramani. Kuna kijito kinaitwa Peakshole Water kinatoka ndani ya pango kinapita katikati ya kijiji, kando ya nyumba za watu. Kifuateni taratibu kwenda juu, kitawafikisha mlangoni.