Kucheka na watoto huku malipo ya korosho hayajaingia

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkulima, Tandahimba. Korosho zangu ziko ghalani, zimeshauzwa mnadani, malipo bado na nina deni dukani. Juzi watoto walikuwa wanakamua mabibo, matunda ya mkorosho, tukacheka sana. Usiku nikakosa usingizi, maana nimesikia mawaidha kwamba Allah hawapendi wanaofurahi. Nimekosea?

JIBU: Waalaykumu salaam. Hujakosea, dada yangu. Aliyekutia hofu hiyo ameing'oa aya mahali pake. Maneno hayo, Suratul Qasas 76, Qarun aliambiwa na watu wake, naye ni mtu ambaye funguo za hazina zake tu zililemea kundi la wenye nguvu, kisha akadai kapata yote kwa elimu yake. Kilichokatazwa ni majivuno. Mama mwenye majimaji ya bibo hadi viwikoni ana nini cha Qarun? Na kwa nini msomaji asimame hapo, wakati aya inayofuata inasema usisahau fungu lako la dunia? Katika Suratu Yunus 58 tumeamrishwa kabisa tufurahie fadhila na rehema za Allah. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha. Basi naye alikosea?

Linalonihuzunisha ni huo usingizi. Mtume alikuwa akiomba kinga dhidi ya *hamm* na *hazan*: ya kwanza ni dhiki ya lisilofika, ya pili ni ya lililopita. Hilo deni liandike, mwambie mwenye duka ukweli, na chama cha msingi cha ushirika kaulize mara moja asubuhi, basi. Ukikaa kula, simu iwe mbali. Anza na Bismillah, maliza na Alhamdulillah. Imepokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kwamba Allah humridhia mja anayekula mlo akamhimidi, akanywa kinywaji akamhimidi.

Fedha zikiingia, sujudu sijda ya shukuri: uwe na udhu, elekea kibla, nia na takbira, sijda moja, kisha salamu. Usiifanye ndani ya sala, kwa madhehebu yetu ya Shafii inaibatilisha. Kisha nenda moja kwa moja dukani.

Mabibo endeleeni kukamua. Ila juisi yake inyweni siku hiyo hiyo, maana ikilala ikachachuka inakuwa uraka, yaani pombe, na hukumu ya uraka haina mjadala.