Nyumba ya Airey haina cheti, mnunuzi kanyimwa mkopo
Dada pole, ila hiyo Airey yako (zile nyumba za Uingereza za vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, baada ya Vita Kuu ya Pili) inauzika tu, benki ndo imemkwamisha mnunuzi wako. Airey ziko kwenye orodha ya nyumba zenye kasoro Uingereza tangu sheria ya 1984, chuma ndani ya zile nguzo za zege kinaliwa na kutu, ndo maana benki nyingi hazigusi bila cheti cha PRC, yaani cha kuthibitisha nyumba ya zege la kiwandani imekarabatiwa ipasavyo. Sasa ulizia kwanza kama ilishakarabatiwa zamani, cheti kinaweza kuwa kwenye makaratasi ya wakili aliyekushughulikia ulivyonunua. Kisipopatikana tafuta mtu wa keshi au peleka mnadani, bei itashuka sikudanganyi, na jirani mliyeungana ukuta akiwa hajakarabati baadhi ya benki zitagoma hata ukiwa na cheti.