Mwenye filamu ya wapenzi wawili na flashibeki tano: usishuti hata moja kabla hujasoma hapa

Futa. Zote tano. Ukimaliza kufuta rudi tuongee.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ana skripti ya dakika 12 na siku 4 za kushuti. Ni wanawake wawili wa Nairobi wanaopendana, mmoja fundi cherehani, mwingine muuguzi. Fundi aliwahi kushambuliwa na kundi la watu, na kumbukumbu ya siku ile inaingilia mapenzi yao kwa flashibeki tano, yaani sini zinazoturudisha nyuma kwenye tukio. Ameuliza mambo manne: flashibeki zipakwe rangi gani, kamera gani, muziki gani, na apeleke kwenye tamasha gani. Waliotangulia kujibu wamemwambia apake kahawia. Kahawia! Chai ilinipalia. (Na wanaotaka kuja kuhubiri, jukwaa la dini liko mlango wa pili, hapa tunaongea sinema.)

Tupige hesabu kwanza, maana wenzangu wamekimbilia rangi. Skripti inasema kila flashibeki ni kama sekunde 40. Mara tano ni sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Kati ya dakika 12, hiyo ni zaidi ya robo ya filamu. Kwa mapenzi zinabaki dakika 8 na sekunde 40. Sasa angalia ratiba. Kila flashibeki inataka lokesheni yake, nguo zake, nywele zake na taa zake. Ukiwa mwepesi sana unatumia nusu siku kwa kila moja, ambayo ni siku mbili na nusu. Kwa hiyo watu wawili kupendana, jambo ambalo ndilo filamu yenyewe, umelipangia siku moja na nusu. Halafu unauliza kamera.

Na hiyo sini ya kushambuliwa ndiyo shimo lenyewe. Kundi la watu kwenye filamu halifanywi na watu wanne, wanne ni ugomvi wa kwenye daladala. Unahitaji wanane au kumi, wote wale, wote wafike saa moja asubuhi. Nguo ya kuchanika haiwi moja: ukirudia mara tatu unahitaji tatu za kitambaa kilekile, na ya nne ya akiba. Damu ya bandia ikishagusa kitenge, mwendelezo wa picha umekufa, hurudi tena kwenye shoti ya kabla ya damu. Majirani wakisikia mayowe watakuja, wengine na rungu, kwa nia njema kabisa. Na kwa kuwa kila mtu anataka sini ya kiwewe iende polepole, utashuti fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde chini ya taa za bei rahisi za mtaani. Umeme wetu ni wa hezi 50. Picha itacheza kama taa ya disko na hutaiona kwenye kioo kidogo cha kamera, utaiona wiki mbili baadaye kwenye kompyuta. Ukilazimika, fremu 50 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/100 ya sekunde. Kwa kawaida fremu 25 na shata 1/50. Hapo nimekujibu la kamera, maana kamera yoyote inayokubali namba hizo inakutosha. Na sauti uliyorekodi kwenye mwendo wa polepole haitumiki, kwa hiyo utalipia sauti upya.

Lakini hayo ni pesa, na pesa hutafutwa. Hasara kubwa ni miili. Ukimpangia mwigizaji sini ya kupigwa asubuhi na sini ya kitandani jioni, mabega hayashuki. Ataigiza vizuri, atasema yuko sawa, na wewe utamwamini kwa sababu jua linazama. Kwenye kuhariri utaona mwanamke anayeguswa na mpenzi wake huku shingo imekaza kama anasubiri kofi. Hakuna mhariri anayeweza kuirekebisha. Sisi kwenye filamu yetu tulitupa siku mbili kati ya tano za kushuti kwa namna hiyo, na zaidi ya hapo siongezi. Ndiyo, tulikuwa na moshi wa bandia pia. Chekeni, nasubiri.

Kisha unafika kwenye meza ya kuhariri, unawaonyesha watu watano rasimu ya kwanza, na maswali yao yote ni ya polisi. Wale watu ni akina nani? Walikamatwa? Kwa nini hakupiga kelele mapema? Hakuna anayeuliza kama hawa wawili watabaki pamoja. Umetengeneza filamu ya uhalifu bila kujua, na muuguzi wako, nusu nzima ya mapenzi, kazi yake imebaki kuleta glasi ya maji. Soma skripti yako, ukurasa wa 3, wa 6 na wa 9. Glasi ya maji. Nimehesabu.

Najua ulikotolewa. Kuna mwezeshaji mmoja wa warsha, nasi alitupitia, anayetembea na sentensi moja kama mhubiri wa stendi: onyesha, usisimulie. Anaisema, watu wanaandika, anakula chakula cha mchana, anaondoka. Hakuwahi kueleza onyesha NINI. Mwanafunzi anarudi nyumbani akiamini kuonyesha kiwewe ni kuonyesha tukio. Tukio si kiwewe. Tukio liliisha siku ileile. Kiwewe ni kile ambacho mwili unafanya leo, Jumanne, saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani na hakuna aliyemgusa mtu. Nikikutana naye nitamrudishia cheti chake nikiwa nimekikunja vizuri.

Kwa hiyo shika hili, hata ukisahau mengine: shuti anayekumbuka, usishuti kinachokumbukwa.

Kwa mfano, hapohapo kwenye duka lake la kushona. Fundi yuko kwenye cherehani ya kukanyaga, anapitisha mshono mrefu wa gauni. Nje mtu anafunga komeo la geti la bati. Miguu inasimama kwenye kanyagio. Sindano imebaki ndani ya kitambaa, nusu njia. Mkono umeshika gurudumu lakini hauzungushi. Muuguzi amekaa pale anamenya chungwa. Haulizi "una nini?" Anaweka chungwa chini, anajifuta vidole, anakuja kuweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake kwenye gurudumu, na wanalizungusha pamoja, taratibu, kuelekea kwao, mpaka sindano inatoka kwenye kitambaa. Basi. Shoti tatu: miguu, sindano, mikono miwili. Lokesheni moja, asubuhi moja, nguo moja. Kiwewe kipo, mapenzi yapo, na muuguzi amepata kazi. Mtazamaji amejua kwamba hii si mara ya kwanza, kwa sababu muuguzi hakushtuka.

Ili hilo komeo lifanye kazi lazima litangulizwe. Lisikike mara ya kwanza ndani ya dakika mbili za mwanzo, bila uzito, mteja anaingia na kutoka. Mara ya pili fundi ageuke kidogo tu. Mara ya tatu ndiyo miguu isimame. Ukiliweka mara moja tu, mtazamaji ataona mwanamke aliyeacha kushona. Na sauti itangulie picha: komeo lianze kusikika fremu 12 hadi 20 kabla hujakata kwenda kwenye miguu, sikio lishtuke kabla ya jicho. Lirekodi peke yake, mara kumi, karibu na mbali, na kila chumba chukua sekunde 60 za ukimya wake watu wote wakiwa wamesimama kimya. Usipochukua huo ukimya, kila ulipokata patasikika kama redio inayopoteza stesheni.

Kuhusu nyeusi na nyeupe, au kahawia: huo ni uongo mtupu juu ya kumbukumbu ya aina hii. Picha za harusi ya bibi hufifia. Kumbukumbu ya kiwewe haifuti rangi. Inakuja kali kuliko chumba ulichokaa, tena vipandevipande, harufu bila uso, sauti bila mpangilio. Ukiipaka kahawia unamwambia mtazamaji "haya ni ya zamani, tulia". Mhusika wako shida yake ni kwamba si ya zamani.

Mnaosema bila flashibeki hadithi haieleweki, haya. Filamu ya Carol ya Todd Haynes, 2015, wanawake wawili wanaopendana, Carol na Therese, New York ya miaka ya 1950. Karibu na mwanzo tunawaona mezani mgahawani, kijana mmoja anakatiza, Carol anamwekea Therese mkono begani na kuondoka. Mkono tu. Filamu inarudi nyuma, inatembea njia yote, kisha inatufikisha tena kwenye meza ileile, safari hii tukiwa upande wa ndani, na tunasikia Carol alikuwa ametamka kwamba anampenda sekunde chache kabla ya kukatizwa. Mkono uleule, sasa hauvumiliki. Hakuna rangi iliyobadilishwa ili kututambulisha kumbukumbu, kilichobadilika ni tunachokijua. Na kwa mfuko wako angalia faida: meza moja, nguo zilezile, unashuti pande mbili siku moja. Umepata kumbukumbu karibu bure.

Portrait of a Lady on Fire ya Céline Sciamma, 2019, ya mchoraji na msichana anayechorwa kabla ya kuozwa, Ufaransa ya 1770, inakwenda mbali zaidi. Filamu karibu yote ni kumbukumbu ya Marianne, mchoraji, na hakuna anayetuwekea ukungu. Katikati ya siku zao za furaha anamwona Héloïse, msichana anayemchora, amesimama gizani kwenye ujia akiwa na gauni jeupe, kisha hayupo. Hatuelezwi. Wakati wa kuagana, anapogeuka mlangoni na kumwona kwelikweli na gauni lile, tunaelewa kwamba anayekumbuka alishaujua mwisho, na huo mwisho umekuwa ukivuja ndani ya siku nzuri. Kiwewe hapo ni kutengana, hakuna aliyepigwa. Muziki nao ni adimu mno mle ndani, ndiyo maana Vivaldi anaporudi mwishoni, tukimtazama Héloïse peke yake akilia ukumbini bila shoti kukatwa, kila mtu anakaba pumzi. Umeuliza muziki gani: usiweke, weka komeo.

Na ya nyumbani, Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018. Kundi linawashambulia wasichana wawili wanaopendana, ndiyo, ipo. Lakini kumbuka ugomvi ulikuwa wapi. Filamu ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, na Kahiu ameeleza kwamba bodi ya filamu ya Kenya ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini na haukuonyesha majuto. Akakataa. Septemba mahakama ikasimamisha marufuku kwa siku saba, na Nairobi watu wakapanga foleni. Kipigo hakikuwa tatizo la mtu. Kilichowakosesha wakubwa usingizi ni wawili kuonana tena. Sasa wewe unatumia siku mbili na nusu kwenye kile ambacho hakimsumbui yeyote, na mwisho wako wa kuonana tena umeuandikia mistari minne.

Kama roho yako haitatulia bila kuonyesha kidogo, nakupa sekunde 8. Fremu 200, mara moja tu filamu nzima, baada ya nusu. Lenzi ileile unayotumia duka la cherehani, rangi ileile, mwendo wa kawaida. Isiwe na uso wa mshambuliaji. Iwe kitu kilichokuwa mbele ya macho yake wakati ule: kufuli, kiatu kimoja, bati. Tena ifungwe na umbo. Mwaka 1959 Resnais alifanya hivyo kwenye Hiroshima mon amour: mwanamke anatazama mkono wa mpenzi wake aliyelala, vidole vinatikisika, na ghafla ni mkono wa mtu mwingine anayekufa, mji mwingine, muda mfupi tu, kisha tumerudi asubuhi ileile. Mkono kwa mkono. Wewe una gurudumu la cherehani na komeo la duara. Umeshaona?

Kisha jipime hivi: toa hizo sekunde 8, waonyeshe watu wawili ambao hawajasoma skripti, waulize swali moja, "fundi anaogopa nini?" Wakisema geti, wakisema sauti, wakisema watu wa nje, usizirudishe. Wakisema hawajui, shida haiko kwenye kumbukumbu, shida ni komeo la kwanza na la pili hukuliweka vizuri. Rudi huko.

Ratiba mpya nimekuwekea: siku ya 1 duka, makomeo yote matatu na ukimya wa chumba. Siku ya 2 nyumbani, sini za kuguswa, watu wachache ndani, kila mguso umeandikwa na kukubaliwa na wote wawili kabla kamera haijawashwa, na siku hiyo usishuti kitu kingine kinachokaza mabega. Siku ya 3 kuonana tena, peke yake, siku nzima. Siku ya 4 ni ya kurudia ulipokosea, na utakosea.

Bandika hapa ukurasa wa 6 ukishauandika upya. Nikiona glasi ya maji nafunga kompyuta.