Kichanga wa chupa mwenye gesi: kagua chupa kabla ya kuhangaika na mgongo

Pole dada, na hongera kwa kichanga. Umesema ana wiki tatu, anatumia maziwa ya kopo, na kila akimaliza chupa anajinyonganyonga na kukunja miguu, unampigapiga mgongoni hata nusu saa na habeui. Kwangu mama watoto alijifungua kwa upasuaji, kwa hiyo chupa za usiku zilikuwa zangu, na mtoto wetu wa pili alikuwa hivyohivyo.

Kwanza, nusu saa ni nyingi mno, mnachoshana bure. Kama kuna hewa ya kutokea juu, ukimweka vizuri mara nyingi inatoka ndani ya dakika moja mbili. Isipotoka, mwache. Wapo watoto wasiobeua kila mara na hawana shida yoyote. Hewa ikishashuka kwenye utumbo hairudi juu kwa kupigwa mgongo, inasubiri njia ya chini. Ndiyo maana mimi nguvu zangu nyingi niliziweka kwenye kumzuia asiimeze.

Angalia chuchu ya chupa. Igeuze chupa juu chini: maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakichuruzika mfululizo, tundu ni kubwa. Mtoto anagugumia, anakohoa, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, na kila funda linashuka na hewa yake. Tundu likiwa dogo mno nalo ni balaa, maana anavuta hadi chuchu inanywea, anaachia kwa hasira, analia, anarudi. Chupa tulizopewa zawadi zilikuja na chuchu za watoto wakubwa. Nilipoweka za watoto wachanga, kile kikohozi cha katikati ya mlo kilikoma.

Povu nalo lina mchango wake. Ukitikisa chupa kwa fujo unajaza hewa kwenye maziwa kabla mtoto hajayagusa. Zungusha chupa taratibu hadi unga uyeyuke. Unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana inashauriwa uchanganywe na maji yaliyochemka yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha yapoe kabla ya kumpa. Muda huohuo wa kupoa ndio povu linashuka. Vijiko fuata vya kopo, usiongeze wala kupunguza.

Wakati wa kumlisha asilale chali. Mkalishe nusu wima mkononi mwako, na chupa uilaze karibu sawa na sakafu, ukiinua kiasi tu cha chuchu kujaa maziwa. Yakipungua, unainua kidogo zaidi. Usisubiri alie ndipo ukimbilie chupa, kwa sababu kilio chenyewe kinamjaza hewa. Akianza kutafuta kwa mdomo au kula ngumi, tayari ana njaa. Katikati ya mlo mpumzishe anapoachia mwenyewe, au anapokunja uso na kupinda mgongo. Akiwa anameza kwa raha usimnyang'anye eti muda wa kubeua umefika. Atalia, na mtaanza upya.

Sasa kubeulisha. Mkalishe pajani kwako akitazama pembeni. Kiganja kimoja kiwe kifuani pake, gumba na kidole cha shahada vishike taya, wala visiguse koo. Mwinamishe mbele kidogo mgongo ukiwa umenyooka. Huo unyoofu ndio kila kitu: akikunjika kama mfuko wa nguo, tumbo linabanwa na hewa haina pa kupita. Mkono wa pili usugue kuanzia kiunoni kupanda juu, polepole, na ukimpigapiga iwe kwa wepesi. Wetu alikuwa ananyamaza ghafla, macho yanatazama pembeni, mdomo unajikunja, halafu anatoa mbeuo wa mtu mzima. Nikiona ule ukimya nilikuwa naacha kabisa kupigapiga, namshikilia tu.

Bega nalo linafaa, ila mpandishe hadi tumbo lake likae juu ya bega. Kitambaa usisahau. Baadaye mshike wima kidogo kabla ya kumlaza.

Gesi ya chini inataka mwendo. Mlaze chali, mzungushe miguu kama anaendesha baiskeli, au sukuma magoti yote taratibu kuelekea tumboni, shikilia, achia. Tumbo lisugue kufuata mwendo wa saa, ila si mara tu baada ya mlo. Kumlaza kifudifudi kunasaidia akiwa macho na wewe ukimwangalia. Usingizi ni chali siku zote, hata akiwa na gesi.

Kitu kingine, pima kama si shibe inayomsumbua. Kwa kawaida mtoto wa maziwa ya kopo anahitaji kama mililita 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24. Tukimpa chupa kila akilia, tumbo linajaa, analia tena, nasi tunasema gesi.

Matone ya dukani ya gesi sikuyaona yakibadilisha kitu, na tafiti nazo hazijaonyesha faida ya maana. Maji, dawa za mitishamba na asali usimpe. Asali ni hatari kwa mtoto yeyote chini ya mwaka mmoja.

Wengine hulia sana jioni hata ukifanya yote haya. Kilio hicho huwa kikali karibu na wiki ya sita na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Ukihisi unaelekea kulipuka, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika chache upumue. Usimtikise kamwe.

Ila akitapika kijani, matapishi yakimruka kwa nguvu kila baada ya mlo, akiwa na damu kwenye choo, tumbo gumu lililovimba, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akikataa kula na kulegea, hiyo si gesi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.

Leo anza na hiyo chuchu, uigeuze uone inadondosha vipi, halafu tuambie.