Madogo wa umeme jadidifu, acheni kujumlisha megawati

Wiki iliyopita nilikaa nyuma kabisa ya chumba cha mikutano nawasikiliza madogo wetu wapya wanabishana upepo na jotoardhi (umeme wa mvuke wa chini ya ardhi) kipi kinalipa, nikavumilia weee mpaka ikaja slaidi inasema upepo wa Turkana kule Kenya megawati 310 ni zaidi ya mara mbili ya Olkaria IV, mtambo wa jotoardhi wa huko huko, yenye 140, kwa hiyo ubishi umekwisha. Na watu wakapiga makofi! Nikatoka nikaenda kunywa chai maana ningeropoka. Sasa chai imeisha, nisikilizeni.

1. Megawati za kwenye kibao cha mtambo siyo umeme utakaouuza. Funga 100 za jotoardhi, mvuke haujui usiku wala mchana, utapata wastani wa 90 hivi. Funga 100 za upepo, sehemu nyingi za nchi kavu unaambulia kati ya 25 na 40, za jua 20 ukibahatika. Turkana ni kesi ya peke yake, upepo unabanwa katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya ukitokea pale unatimua mbio, sasa wewe unachukua kapasiti fakta (ile asilimia ya megawati za kibao unayoipata kweli) ya Loiyangalani, huko huko Turkana, unaibandika kwenye mradi wa Singida halafu unaniambia umefanya hesabu. Hujafanya.

2. Angalieni data zenu kabla ya kuzipenda. Hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu iliniuma na bado inaniuma.

Tulikuwa na mnara wa kupimia upepo huko pwani, mita 60, anemomita za kupima kasi ya upepo kila kimo, data loga ya kurekodi vipimo chini kwenye kiboksi inakula umeme wa kipaneli kidogo cha jua na betri. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kupokea data, kusafisha, kutoa wastani wa mwaka. Nikatoa mita 7 kwa sekunde. Nilifurahi jamani, nikachora magrafu ya rangi, bosi akayatia kwenye ripoti, ripoti ikaenda mpaka kwa watu wenye hela. Siku ya kikao mtaalamu wao, mama mmoja mpole hata sauti hapandishi, akafungua ukurasa wa jedwali akauliza swali moja: "Aprili iko wapi?"

Aprili haikuwepo. Wala Mei. Wala nusu ya Machi. Mawingu ya masika yalikaa juu ya kile kipaneli, betri ikafa, loga ikalala, barabara ilikuwa tope hakuna gari la kufika, na mimi niliyekuwa ofisini naletewa faili sikuona kitu kwa sababu Eksel ikikutana na seli tupu kwenye wastani inaziruka kimya kimya haikuambii lolote. Yani mwaka wangu ulikuwa na miezi tisa na ushee na nikauita mwaka.

Ungesema basi si kitu, miezi ni miezi. Tulipoenda saiti nikamsalimia mlinzi wa mnara, mzee aliyekuwa mvuvi zamani, nikamuuliza kipindi kile upepo ulikuwaje. Akanitazama kama naulizia jua linachomoza wapi. "Ile si tanga mbili mwanangu, kaskazi imeondoka na kusi haijashika, hata ngalawa tulikuwa tunapiga kasia." Loga iliamua kufa wakati ule ule ambao upepo haupo! Tukaja kupima upya msimu ule, inacheza kwenye 3, na wastani wa mwaka ukashuka kutoka 7 hadi kama 6. Sasa nyie mnaojua fizikia mnajua kilichofuata, nguvu iliyomo kwenye upepo inakwenda na kasi mara kasi mara kasi, kwa hiyo hiyo mita moja iliyopotea iliondoka na zaidi ya theluthi ya nguvu. Mradi haukufa ila ulirudishwa nyuma sana, na bosi kwenye gari kurudi mjini hakunisema hata neno, bora angenitukana. Mlinzi alikuwa pale mwaka mzima na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, mimi nikiwa wa kwanza kutomuuliza.

3. Hesabu seli tupu kabla ya kutoa wastani. Piga picha namba ya kila anemomita. Na faili lisiitwe "fainali mpya kweli 2".

4. Laini ya kusafirisha umeme, laini, laini. Mitambo 365 ya Turkana ilikuwa imeshasimama mwaka 2017, laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja kukamilika Septemba 2018, kati hapo serikali ya Kenya ikadaiwa fidia ya umeme ambao haujawahi kufika kwa mtu. Na ardhi je? Kinangop, mradi mwingine wa upepo Kenya, megawati 60, wananchi waligoma, 2016 mradi ukafutwa. Slaidi zenu zina picha nzuri za mapangaboi ila sijaona hata moja yenye nguzo wala yenye mwenye shamba.

5. Timu jotoardhi msinichekee, zamu yenu. "Tuchimbe tu, joto liko chini bure." Bure! Olkaria walichoronga visima vya mwanzo miaka ya 1950, mtambo wa kwanza, megawati 15, umewashwa 1981. Menengai, Kenya hiyo hiyo, uchorongaji ulianza 2011, umeme wa kwanza 2023. Kisima kinaweza kwenda kilomita 3 kinakula mamilioni ya dola na kikatoka baridi, na benki nyingi hazitaki kusikia habari zako mpaka mvuke uonekane kwa macho. Jotoardhi ya Ngozi kule Mbeya mkitaka kuijadili, anzeni na swali la nani anabeba hasara ya kisima kikavu.

6. Halafu huu ubishi wa ama hiki ama kile mimi unanichosha. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, maji unaweza kuyazuia, upepo ukivuma unapunguza maji, ukilala unafungulia, hapo upepo wa Singida unaanza kuwa na maana hata kama una kigeugeu. Kenya wao usiku wa manane watu wamelala, Turkana inavuma, na mvuke wa Olkaria mwingine unaachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Kwa hiyo "kipi bora" bila kusema saa ngapi ni kupotezeana muda.

Na wewe uliyenifuata koridoni kuniuliza kama betri zinamaliza mambo yote, swali zuri, sijakudharau. Jumatatu niletee chati ya matumizi ya saa 24, ya siku ya kazi na ya Jumapili, siyo wastani tafadhali, wastani nimeshakoma.