Belo Likifunguliwa: Maswali Yenu Kuhusu Mitumba ya Familia

Juzi niliandika kwamba koti la mvua la mwanangu nililipata soko la Karume, Ilala, kwa shilingi 3,000, kwamba sasa linavaliwa na mdogo wake, na bado tone haliingii. Sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua yale ninayoweza kuyajibu kwa mgongo wangu mwenyewe ulioinama juu ya maturubai miaka yote hii.

Dada, shikamoo. Nina watoto watatu na mshahara mmoja. Kila nikienda sokoni narudi na nguo nne nzuri na sita za kudekia. Nakosea wapi? (Mama wa watatu, Mbagala)

Marahaba, mdogo wangu. Nadhani unakosea saa, na pengine unakosea mkono.

Tuanze na saa. Belo moja la nguo mara nyingi lina kilo 45, limebanwa kwa mashine likawa gumu kama tofali. Muuzaji hulinunua likiwa limefungwa. Anajua aina tu: fulana za watoto, magauni ya pamba, jinzi za kiume. Yaliyomo ndani anayaona siku ile ile unayoyaona wewe, kwa hiyo naye anacheza bahati nasibu. Likifunguliwa alfajiri, wa kwanza kulivamia ni wenye maduka na wale wadada wanaouza kwa simu, na hao huondoka na zile bora kabisa, ambazo wenzetu wa Kenya huziita kamera. Zinazofuata hupanda kwenye henga. Zilizobaki humwagwa chini, na jua likishaanza kuzama ndipo unasikia "jero, jero, chagua mwenyewe!"

Wewe unafika saa ngapi? Kama ni saa tano asubuhi, unakuta nguo za asubuhi zimeondoka na bei ya asubuhi imebaki. Nenda alfajiri ukiwa na hela kidogo mkononi, au nenda jioni ukiwa na subira. Halafu shikamana na muuzaji mmoja wa nguo za watoto. Usimuulize bei, muulize "unafungua lini?" Mwachie namba yako, mnunulie chai siku moja. Wangu hunipigia kabla hajakata mikanda.

Sasa mkono. Macho hupenda rangi, na rangi ndiyo inayotutia hasara. Mimi nguo naishika kwapani kwanza, halafu kola, halafu magoti kama ni suruali, halafu zipu, juu chini mara mbili. Baada ya hapo naielekeza kwenye mwanga. Kitambaa kilichochoka hupitisha mwanga kama chandarua. Umanjano wa kwapani usijidanganye kwamba utatoka. Aliyeitoa nguo ile pengine alishajaribu. Ila kifungo kilichopotea si ugonjwa, hicho ndicho kipunguzo chako, kionyeshe kwa sauti. Na kwa watoto kunja pindo la chini utazame ndani: pindo refu ni mwaka mmoja wa ziada.

Nanunulia mapacha wangu bila kwenda nao. Lebo moja ina 104, nyingine 4T, nyingine "miaka 3-4". Nifuate ipi? (Baba mapacha, Dodoma)

Kaka, hiyo 104 ndiyo rafiki yako. Ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Nguo nyingi zinazotoka Ulaya bara huandikwa hivyo na hupanda sita sita: 92, 98, 104, 110, 116. Msimamishe mtoto ukutani, weka kitabu kichwani, piga alama ya penseli, pima. Akiwa na 101, chukua 104 ya kuvaa sasa. Ukiona 110 nzuri, ichukue ikasubiri kabatini.

4T ni ya Kimarekani, na hiyo T huwekwa kwenye nguo za watoto wadogo wadogo. Lebo ya miaka mimi siiamini hata kidogo. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu na anavaa ya mitano, na isitoshe nguo iliyofuliwa mara hamsini huko ilikotoka imeshasinyaa bila kumwambia mtu.

Dawa ni kamba. Kila mtoto wangu ana uzi wake wa sufu wenye rangi yake, na mafundo matatu: bega hadi bega, kiuno, na mguu kuanzia kwenye msamba hadi kifundo. Nyuzi zote zinakaa kwenye kipochi. Wauzaji walinicheka mwanzoni, siku hizi mmoja amenipa jina la Fundi.

Kwa upande wako mwenyewe, jinzi ya kiume iliyoandikwa 32 na 30 ina kiuno cha inchi 32 na mguu wa ndani wa inchi 30. Mama mapacha naye mwambie kwamba namba 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya bara, kwa hiyo asifurahi wala asinune kabla hajajua nguo imetoka wapi. Mtasikia pia kwamba kiuno cha suruali kikizunguka shingo yako sawasawa basi kitakutosha. Shingo yangu ilisema kweli mpaka nilipojifungua mtoto wa pili. Tangu hapo inanidanganya.

Mke wangu anavalisha watoto mitumba na wanapendeza, lakini mama yangu anasema mjukuu wake havai "kafa Ulaya". Nimekaa katikati. (Kaka wa Tabata)

Pole kwa kukaa hapo, hapana mto wa kukalia.

Neno la mama ni la zamani. Watu waliona koti zima, zito, lenye bitana, wakajiuliza ni nani mwenye akili timamu atakayelitoa. Wakahitimisha: mwenyewe kafa. Kumbe wenyewe wako hai. Wamechangia nguo kwenye mashirika ya hisani, mashirika yakauza baadhi kwenye maduka yao, na zilizobaki zikauzwa kwa kilo kwa wachambuzi wanaozipanga kwa aina na kuzifunga zije huku.

Mimi ningekuwa wewe nisingebishana na mama, ningemwomba hadithi. Muulize miaka ya mwanzo ya themanini, foleni za kupata doti ya khanga au kipande cha kitenge, na nguo moja ya sikukuu iliyoshuka kwa watoto wanne. Muulize pia alivaa nini biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ile na Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, akaachia milango. Usishangae akicheka kabla ya kukujibu.

Na mwambie hili, maana mimi hunifurahisha sana. Rwanda na Burundi nguo hizi wanaziita caguwa, neno letu wenyewe, chagua. Zambia wanasema salaula, yaani kupekua rundo ukitafuta chako. Majirani wameipa biashara hii jina la starehe yake, ule mkono unaozama kwenye rundo bila kujua utaibuka na nini. Sisi tumeiita kwa furushi lake. Mama yako na rika lake ndio walioiita kwa maiti.

Kisha mtafutie sweta la sufu, lile zito la kweli, la kuvaa akienda Lushoto mwezi wa saba. Usimwambie umelitoa wapi mpaka aulize.

Natarajia kujifungua mwezi ujao. Nguo za kichanga za mtumba ni salama? Na za ndani je? (Mjamzito, Tanga)

Hongera, mwanangu. Za ndani hapana, za kwako wala za mtoto. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imezipiga marufuku, na hata isingezipiga marufuku ningekwambia hapana.

Za kichanga nyingine ndizo mtumba mtamu kuliko wote, kwa sababu mtoto huzivaa wiki chache tu zikambana. Utakuta vazi kama jipya. Za pamba loweka kwa sabuni, zichemshe, zianike juani, zipige pasi ndani na nje, hasa kwenye mishono. Za sufu usichemshe, utatoa nguo ya mwanasesere. Ile harufu ya belo huisha ukitia siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia. Lakini siki na jiki zisikutane kwenye beseni moja, hutoa gesi yenye sumu. Vuta kila kifungo uone kama kinashika, na kamba za kofia zichomoe zote.

Viatu vya shule vya mtumba? (Mama Kassimu, Morogoro)

Ndiyo, lakini tazama soli kabla ya ngozi. Soli iliyolika upande mmoja imebeba mwendo wa mtoto mwingine, na wako ataufuata. Kikunje katikati: gundi iliyokauka itapasuka hapo hapo mbele ya muuzaji, badala ya kupasuka Jumatatu njiani. Mbele ya kidole gumba iache nafasi ya upana wa kidole chako.

Nanunua mitumba soko la Gikomba na la Toi na ninafurahia, lakini rafiki zangu wanasema tunaua viwanda vyetu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Nairobi)

Kuna ukweli ndani yake, mdogo wangu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu hadi 2019. Marekani ikatishia kutunyang'anya nafasi ya kuuza kwake bila ushuru kupitia sheria yake ya AGOA, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilibaki imesimama. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo. Kwenu, mwaka 2020 serikali ilisimamisha uingizaji kwa sababu ya korona, ikaufungua tena Agosti. Wewe mwenyewe huenda unakumbuka Gikomba ilivyokuwa miezi ile.

Viwanda vyetu vya nguo, Urafiki hapa Dar, Mwatex kule Mwanza, havikuuawa na fulana za mtumba peke yake. Mitambo ilichakaa, umeme ulikatika, mtaji ukakauka, na nguo mpya za bei chee kutoka Asia zikaingia kwa mlango ule ule. Mitumba ilikuwepo kwenye msiba huo, ila siyo iliyoshika kisu peke yake. Linaloniudhi mimi zaidi ni jingine: nguo zisizovalika zinazofungwa humo humo kwenye belo, muuzaji wetu akazilipia, kisha zikaishia dampo au ukingoni mwa mto Nairobi, jirani na hapo unaponunua.

Nyumbani kwangu nimejiwekea mpaka. Sare za shule zinashonwa na fundi wa mtaani kwetu, khanga nanunua mpya, na mtumba ukiwa mpana ni yeye huyo huyo anayeubana. Mwaka jana alitoa magauni mawili ya watoto kwenye gauni moja la mama wa kizungu mwenye mwili wake, na kitambaa kikabaki cha foronya. Hilo halijafufua Mwatex, najua.

Nikikuta hela mfukoni mwa suruali niliyonunua, ni ya nani? (Mdau, Mwanza)

Yako, na pekua mifuko ukishalipa, usipekue kabla. Ila usipange kujengea nyumba. Nimewahi kukuta tiketi za treni, leso, kokoto, na mara moja sarafu ya euro mbili. Nilikwenda nayo duka la kubadilishia fedha nikaambiwa sarafu hawachukui. Iko kwa kijana wangu wa mwisho, anaitumia kufungulia skrubu za gari lake la plastiki.