Wageni si utitiri

Mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Moshi, ambaye pia anafuga kuku uani kwake, ameniandikia hivi: "Nikifundisha makuzi ya utitiri, yule anayekua ndani ya yai nimwite kijusi au kiinitete? Akishatoka ni kiluwiluwi, buu au lava? Na niseme utitiri huyu au utitiri huu?"

Kijusi tuwaachie mama wajawazito na wanyama wanaobeba mimba. Kilichomo yaini ni kiinitete: kiini ambacho bado ni tete, hakijakaza. Kiluwiluwi anaogelea, awe wa chura au wa mbu, na utitiri wa kuku hana bwawa. Buu ni yule mweupe, laini, anayejinyonganyonga kwenye samadi, ilhali mtoto wa utitiri hutoka yaini akitembea. Basi lava, ingawa sisi tunaoishi upande huu wa Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano, neno hilo tunalijua kwa moto wake. Akishajivua gamba mara ya kwanza, mwite tunutu. Ni neno la wazee kwa mtoto wa nzige, aliyekwisha kufanana na mzazi lakini bado hajakamilika, na hapa linakaa vizuri kuliko "nimfu" la kukopa Kiingereza.

Ama huyu na huu: mnyama ni huyu, wingi ni huu. Utitiri huyu ananyonya kuku. Utitiri huu wa kodi unatuchosha. Na kwenye huo wingi ndipo nilipokuwa nasubiri mtu anifungulie mlango.

Majuzi nilikuwa harusini Moshi mjini. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akatamka kwa furaha: "Leo tumebarikiwa utitiri wa wageni!" Ukumbi ukapiga makofi. Pembeni yangu alikaa shangazi yangu kutoka Kibosho, mwanamke aliyefuga kuku tangu ujana wake. Akaniinamia, akauliza polepole, "Mwanangu, huyo ametuitaje?"

Ametuita vimelea, shangazi. Ametuita wanyonya damu, na wenye harusi wakashukuru.

Anayesema "utitiri wa wageni" aende usiku kwenye banda la kuku akiwa na tochi. Mchana hataona kitu, maana utitiri wa kuku hujificha kwenye nyufa za mbao na chini ya viota. Giza likiingia hutoka, akapanda juu ya kuku, akanyonya, akarudi ufani. Ni wa kama milimita moja tu. Kabla ya kula ana rangi ya kijivu, akishashiba anakuwa mwekundu. Yai lake huanguliwa ndani ya siku mbili au tatu kukiwa na joto. Lava hali chochote, hujivua tu akawa tunutu, na tunutu ndiye anayeanza kunywa damu. Anajivua tena, anakuwa tunutu wa pili, anakunywa tena, kisha anakuwa mzima wa kutaga. Safari yote hiyo, joto likiwa zuri, yaweza kwisha kwa wiki moja. Ukihamisha kuku wote ukafunga banda ukidhani umeshinda, anakusubiri kwa miezi bila kula. Kuku anayeatamia hufikia kuyaacha mayai yake kwa adha hiyo.

Hicho ndicho Kiswahili kilichokiona kikakifanya sitiari. Si wingi mtupu. Ni wingi unaoibuka mafichoni, unaozaana haraka kuliko unavyoweza kuuondoa, na unaokula kwako. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza aliyeandika "utitiri wa kodi" nampa mkono: kila neno lilikuwa mahali pake. Utitiri wa matapeli, sawa. Utitiri wa vizuizi barabarani, sawa kabisa. Lakini leo nasoma "utitiri wa fursa", nasikia "utitiri wa vipaji", na kwenye kadi moja ya shukrani nimekuta "utitiri wa baraka". Baraka zinazowasha! Na lugha yetu haina njaa ya maneno ya wingi. Wageni lukuki. Baraka tele. Fursa kedekede. Vipaji chungu nzima. Chakula maridhawa. Mtu anaruka yote haya akaenda kuokota kimelea cha kuku ampambie bibi harusi.

Nitaambiwa lugha hukua. Inakua, nakubali, lakini neno ambalo bado linatumika bandani kwa maana yake ya kwanza halijafa kiasi cha kuvuliwa nguo.

Kuna jingine, ambalo nalivumilia nusu. Wengi watamwita utitiri "mdudu". Nyumbani sina ugomvi, maana kwa Mswahili hata nge ni mdudu. Darasani, mwalimu, usikubali. Utitiri ni ndugu wa buibui na kupe, ana miguu minane. Wanafunzi watakubishia kwa sababu lava ana sita, kama mdudu kamili. Waeleze yanayotokea ndani ya yai: kwa baadhi ya jamii za utitiri waliochunguzwa, kiinitete huanza kuchipua jozi ya nne ya miguu, kisha jozi hiyo husimama au kurudi nyuma, naye huzaliwa na jozi tatu. Ya nne hujitokeza anapokuwa tunutu. Minane ilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo.

Na jina hilo la "mdudu" lina bei. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki akienda duka la pembejeo akaomba "dawa ya wadudu", atapewa dawa ya wadudu. Ziko dawa za aina hiyo ambazo hazimwondoi utitiri mwekundu wa nyanya, zinaua maadui zake wa asili, naye anazidi. Jike la huyo hata lisipopandwa hutaga, na mayai yasiyorutubishwa huwa madume. Mkulima aseme "dawa ya utitiri", neno analo tayari.

Sasa ubaoni, mwalimu, kwa utitiri wa kuku: yai lenye kiinitete, lava, tunutu wa kwanza, tunutu wa pili, utitiri mzima. Na ukialikwa harusini nami nikiwepo, mnong'oneze mshereheshaji kabla hajapewa kipaza sauti.